Karte ya mupya ya baskete: namna ya kuanza ukiwa Lubumbashi

Kila mara Topps, kampuni yenye inachapishaka karte za picha za bachezaji, inatoa karte ya mupya, telefone yangu inaanza kulia na mesaje ni zile zile. "Yaya, nikinunua hii boksi nitapata karte ya Flagg?" "Yaya, apa Lubumbashi banaziuzishaka wapi?" "Yaya, yangu imejikunja sawa jani ya tumbako, nifanye nini?" Nimechoka kuandika jibu moja mara makumi mbili, njo naandika yote apa mara moja, ukiniuliza tena nitakutumia hii na usikasirike.

Neno moja mbele. Mutu wa kwetu tayari anajua nusu ya hii kazi. Umeona vile kambiste anapokeaka dola yako? Anaigeuza, anaiinua ku jua, anapitisha kidole ku kando, anaangalia fasi ilikunjwa, na akipata kapasuko hata kadogo sawa jino ya panya anakurudishia asema "hii haitembei". Noti ni ya kweli, mia ni mia, lakini haitembei. Karte ni vile vile kabisa. Ukiangalia karte na macho ya kambiste, batu hawatakula feza yako bule.

Kidogo ya kujua mbele ya kuanza

Toka 2009 Panini, kampuni ingine ya karte, njo ilikuwa na ruhusa ya NBA, ile ya seti za Prizm, Select, Donruss. Kuanzia Oktoba 2025 ruhusa ilienda kwa Topps, na Topps iko mu mikono ya kampuni Fanatics toka 2022. Kwa hiyo karte ya musimu 2025-26 yenye jina na alama ya ekipe ni Topps. Mutu akikuonyesha karte ya 2025-26 na muchezaji amevaa mayo ya bule, haina jina wala alama ya ekipe, jua haina ruhusa ya NBA, na bei yake inapashwa kuwa chini.

Rooki ni karte ya mwaka ya kwanza ya muchezaji mu NBA, iko na kaalama RC. Mu 2025-26 jina yenye kila mutu anakimbilia ni Cooper Flagg wa Dallas, wa kwanza mu drafti ya 2025 (njo pale ekipe za NBA zinachaguaka bachezaji ba mupya), nyuma yake Dylan Harper wa San Antonio na VJ Edgecombe wa Philadelphia. Bei ya Flagg itakuumiza kichwa, nakuambia mapema.

Na bana wetu? Bismack Biyombo alizaliwa apa apa Lubumbashi, 1992. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, 2002. Biyombo alichaguliwa namba 7 mu 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa namba 7 mu 2015, Kuminga namba 7 mu 2021, sawa vile ile saba banatuwekeaka pembeni. Ukitafuta rooki ya Biyombo usitafute 2011-12 utachoka bule: mwaka ile NBA ilifungia bachezaji mulango juu ya ugomvi wa mukataba, njo rooki za 2011 zikatoka mu makarte ya 2012-13 pamoja na za 2012. Hii swali peke yake nimeijibu labda mara kumi.

Bitu ya kuwa nayo

Hauna lazima ya kuwa na bitu mingi. Tafuta slivu laini za plastike (zile nyembamba, mia moja mu pakete), toploda kidogo (plastike ngumu), rula ya milimetre, lampe ya telefone, kitambaa laini ya miwani, kaye na kalamu, kopo ya plastike yenye kifuniko ya kufunga muzuri, na tusashe tudogo twa silika, tule tunatokaka mu boksi ya viatu vya mupya na watu banatupaka. Usitupe tena, omba hata jirani. Slivu na toploda ni ngumu kupata mu mangazini ya apa, uziagize pamoja na karte ya kwanza, SI NYUMA YAKE. Karte ikifika bila slivu utaiweka mu Biblia sawa vile mi nilifanya na yangu ya kwanza, na ikatoka na pembe imepinda.

Kisha feza ya mwezi. Andika namba moja mu kaye, tuseme dola 15 ama 20, na ile namba isiguse feza ya bukari wala ya masomo ya batoto.

Hatua 1: Chagua njia moja tu

Muchezaji mumoja, ao ekipe moja, ao rooki za mwaka moja. Mutu anaanza na Flagg, juma inafuata ananunua Curry, kisha ameona Wembanyama inangaa anaongeza, mwisho wa mwaka eko na karte makumi ine zenye haziongee pamoja na hawezi kuuzisha hata moja kwa bei alinunua. Kama haujui wapi kuanza, chukua Kuminga: ni rooki ya 2021-22, eko mu Prizm, Donruss, Hoops na zingine mingi, za kawaida hazina bei kali, utajifunza bila kulia.

Hatua 2: Jifunze kusoma karte

Apa njo batu mingi banaanguka.

Karte ya kawaida, ile ya musingi, inachapishwa mingi sana. Paraleli ni picha ile ile lakini rangi ao kungaa tofauti, mu Topps Chrome banaiitaka Refractor, mu Prizm ile ya kwanza ni Silver, uipindishe chini ya lampe utaona rangi ya upinde wa mvua. Inserti ni kakundi ka pembeni na dessin yake yenyewe, inangaa sana, macho inaipenda, lakini mara mingi bei yake iko chini ya paraleli yenye haina hata kelele.

Kisha kuna zenye namba, sawa 23/99. Maana yake walichapisha 99 na hii ni ya 23. Kijana mumoja alinipigia usiku anapumua sawa mutu amekimbizwa na imbwa, asema "yaya nimepata ya moja tu mu dunia!" Alituma picha: 1/99. Hapana ndugu. Hiyo ni ya kwanza kati ya 99. Ya moja tu mu dunia inaandikwa 1/1.

Autografu: angalia kama muchezaji aliandika ku karte yenyewe ao ku kasitika kenye kalibandikwa kisha. Ya karte yenyewe banaipenda zaidi. Na ujiepushe na ile karte yenye iko na kode tu (redemption), yenye inasema autografu utatumiwa nyuma. Iko na tarehe ya mwisho, inalomba adrese ya posta ya kweli, na wewe adrese yako ni "nyuma ya kanisa, geti ya bulu, uulize mama wa makala".

Hatua 3: Tafuta bei ya kweli

Bei yenye muuzaji aliandika ni ndoto yake, haiko bei. Enda ku eBay, andika mwaka, jina ya seti, muchezaji, namba ya karte, kisha weka filtre ya bitu vilivyokwisha kuuzishwa. Chukua tano za mwisho, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia tatu zinabaki. Hakikisha unalinganisha kitu moja: Silver na Silver, si Silver na ya kawaida, na karte ya wazi usiilinganishe na ile imefungwa mu plastike ya PSA (kampuni yenye inaangaliaka karte na kuipatia noti, 10 njo ya juu kabisa) yenye noti 10.

Hatua 4: Ngojea

Juma ya kwanza kisha karte kutoka ni juma ya bichaa. Zinakuwa kidogo ku soko, kila mutu anataka kuwa wa kwanza, bei inapanda. Kisha batu banafungua maboksi, makarte inajaa, bei ya zile za kawaida inashuka. Mi nangojeaka juma sita mpaka nane. Karte ya kawaida haitakimbia. Ile yenye namba ndogo, sawa /10 ya muchezaji wako mwenyewe, hiyo ni hadisi ingine, ukiiona kwa bei ya haki chukua.

Na boksi? Swali ya Flagg. Ku pakete banaandikaka bahati, tuseme 1:120. Haimaanishe kama ukifungua pakete 120 utaipata. Ni kati-kati ya pakete zote walichapisha, wewe unaweza kufungua 300 usione kitu na jirani akafungua moja. Boksi ya duka, ile blasta, na boksi ya hobi, ile ya bakusanyaji, hazina bahati sawa, na autografu yenye boksi ya hobi inaahidi inaweza kuwa ya muchezaji wa benchi wa mwisho kabisa. Kama unataka boksi juu ya furaha ya kufungua na batoto usiku wa Noeli, nunua, furaha nayo iko na bei. Lakini kama unataka KARTE, nunua karte. Ile feza ya boksi moja ingekuletea rooki nane, kumi, zenye ulichagua wewe mwenyewe.

Hatua 5: Macho ya kambiste

Lomba picha ya mbele na ya nyuma, bila plastike kama inawezekana, na ingine ya kulala chini ya mwanga ili mikwaruzo ionekane. Muuzaji akikataa picha ya nyuma, wachana naye.

Anza na pembe ine. Ukuze picha mpaka pembe moja inajaza telefone. Pembe inapashwa kuwa kali. Ukiona kadoa keupe, pale rangi ilitoka, hiyo njo "kapasuko" ya karte.

Kisha kando zote, zaidi ya nyuma, nyuma njo doa jeupe linaonekanaka zaidi.

Kisha usawa wa picha. Chukua rula, pima ukingo wa kushoto na wa kulia. Kama kushoto ni milimetre 2 na kulia ni 3, jumla 5, hiyo ni 40 kwa 60. Kwa PSA 10 banataka mbele ikaribie 55 kwa 45, kwa hiyo hii yako haiendi ku 10 hata ikiwa inangaa sawa kioo. Fanya vile vile juu na chini. Karte zingine hazina ukingo, picha inajaza yote, hapo angalia kama maandishi na alama hazikuegemea upande moja.

Mwisho uso wenyewe: mikwaruzo, alama ya kidole, na tumistari twembamba twa mashini, tule tulitoka nato ku kiwanda. Muuzaji atasema "imetoka mu pakete sasa hivi". Kweli, na mustari ilitoka nayo mu pakete.

Ukubwa: karte ya kawaida ni milimetre 63,5 kwa 88,9. Ya bongo mara mingi ni ndogo kidogo juu ilikatwa, ao rangi yake imekufa, ao maandishi ya nyuma ina ukungu ukiikuza. Na kama iko mu plastike ya PSA, namba ya ile etiketi uiandike ku saiti yao, picha na jina zinapashwa kufanana.

Hatua 6: Kulipa na kuleta

Ku eBay utalipa na karte ya Visa ya banki, ile ya kujaza mbele inatosha, weka ndani feza ya karte moja tu, basi. Mutu mu WhatsApp akikulomba utume yote na M-Pesa ao Airtel Money mbele na haumujui, jibu ni hapana, hata akikuita "ndugu yangu katika Kristo".

Kusafirisha, kuna njia mbili zenye zinaendaka. Ya kwanza ni ndugu: dada yangu eko Liège, karte zinafika kwake, anangojea mutu anakuya Lubumbashi, makumi mbili ya karte haziwezi kulemea valizi. Njia ya pili ni ajansi ya frete, iko na depo kule na inakulipisha kwa kilo. Karte ni nyepesi, kwa hiyo kusanya mingi mbele ya kuleta, na uulize mapema kilo ya chini kabisa ni ngapi na kama bei iko na duane ndani. Usingojee bafike kisha ujue. Mi nilikaa na mufuko wangu miezi mitatu mu depo moja yenye sitataja jina, kila juma asema "inaingia Ijumaa".

Kila mara andikia muuzaji: slivu, toploda, katikati ya makartoni mawili, skochi isiguse toploda yenyewe. Karte moja mu ambalaji ya barua haifike.

Hatua 7: Kupokea

Nawa mikono, panguza, ikauke. Kama umetoka kula vitumbula ao samaki, nawa mara mbili, mafuta ya kidole inabaki ku Chrome milele. Fungua mukono moja unafilme na telefone, mufuko ukionekana umefungwa bado, bila kukata video. Hiyo video njo avoka wako. Pima, angalia, linganisha na picha ya muuzaji SIKU ILE ILE.

Hatua 8: Kuvalisha

Slivu mbele, toploda kisha. Usiingize karte ya wazi mu toploda, ile plastike ngumu inakwaruza. Shika karte ku kando, fungua mudomo ya slivu na kidole, ingiza pembe moja kisha ingine polepole. Karte nene, yenye ina kipande ya mayo ndani, inalomba toploda nene (banaandikaka 130pt), usiisukume mu ile ya 35pt, utavunja pembe.

Hatua 9: Kuweka mu nyumba

Toka Novemba mpaka Machi mvua inapiga, nyumba inakuwa na unyevu, na karte ya kungaa iko na tabaka ya kartoni na tabaka ya kungaa, kartoni inakunywa maji na ile ingine hainywi, njo inajikunja. Weka mu kopo na tusashe twa silika, funga, mbali na ukuta wa inje, mbali na dirisha, mbali kabisa na mabati. Tusashe tukichoka badilisha. Kuanzia Mei ni vumbi ya rangi ya matofali, ile inaingia mpaka mu mawazo, basi usiache kopo wazi hata saa moja. Jua ya saa sita ku karte yenye autografu, wino inafifia, usiitundike ku salo ili bageni baone.

Hatua 10: Kaye

Tarehe, karte, bei, usafiri, nani aliuzisha. Usafiri usiuache, juu karte ya dola 6 yenye ilikulomba dola 4 kufika ni karte ya dola 10, na siku ya kuuzisha utajidanganya wewe mwenyewe.

Shida zenye zinakuyaka mara mingi

*Karte imejikunja.* Usipige pasi! Mutu alifanya, nimeona na macho. Weka mu slivu na toploda, ndani ya kopo na silika ya mupya siku tatu ine, kisha chini ya vitabu vizito juma moja. Mingi zinarudi. Ukiiacha tena ku unyevu itajikunja tena.

*Kuna doa ya kidole.* Pumua juu yake kidogo, panguza na kitambaa ya miwani bila nguvu, mustari moja, si kuzungusha. Hakuna sabuni, hakuna alkoli, hakuna mate. Kama ni karte yenye autografu, acha doa ikae pale.

*Nilinunua pakete, ilikuwa tayari imefunguliwa.* Angalia mishono: ya kiwanda iko sawa na imenyooka, ya kufungwa tena iko na gundi, mikunjo ao kakuungua. Mi nililiwa mara moja, pakete sita, ndani ya zote karte za kawaida tu na mbili zilijirudia mu pakete moja. Toka siku ile pakete ya wazi, yenye haiko mu boksi yake yenye imefungwa, sinunui.

*Nipeleke ku PSA?* Piga hesabu: bei ya noti, kwenda, kurudi, asirance. Kama karte ikipata 9 na bado haulipe ile yote, usitume. Kwa karte yetu ya kawaida jibu ni hapana karibu mara zote.

*Mutu ananiuzisha Mutombo rooki ya 1991-92, asema ni mali ya urithi.* Mutombo ni muzee wetu, alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na karte yake mi niko nayo mbili. Lakini miaka ile walichapisha karte sawa mahindi, ile ya kawaida bei yake ni ya fanta moja mbili. Inunue juu ya mapendo, kwa bei ya fanta.

*Apa Lubumbashi nitabadilishana na nani?* Anza ku tereni yenye mutu anachezaka baskete jioni, ama kwa bale wanakeshaka kuangalia NBA saa nane ya usiku. Nenda na karte tatu, si kopo yote. Mukutane fasi ya wazi, muchana, na kila mutu aangalie karte ya mwenzake taratibu bila kusukumwa. Mwenye anakuharakisha asema "ndugu, fanya mbio, kuna mwingine anangojea", rudisha karte mu toploda, musalimie, enda nyumbani.